Kusafisha Rejeta ya Motokaa

Injini ya motokaa ifanyapo kazi hutoa joto jingi. Joto hilo huchukuliwa na maji yazungukayo ndani yake mpaka kwenye rejeta, ambako hupozwa na upepo. Kutu na uchafu vikiziba vijia vya rejeta, maji huchemka na kichwa cha injini huweza kupinda. Nchi za juu zahitaji uangalifu zaidi: Mombasa maji yaliyo wazi huchemka kwa digrii 100, lakini Nairobi kwa digrii 95 hivi.

Kwanza, injini ipoe kabisa. Mtu afunguaye kifuniko ingali ya moto hurukiwa na maji na kuungua vibaya. Kisha aweke beseni chini ya rejeta, afungue koki, na maji yote yatoke. Aifunge, ajaze maji safi, arudishe kifuniko, na kuiwasha injini mpaka bomba la juu lipate moto. Aizime, ipoe, amwage tena. Arudie hivyo mpaka maji yatoke bila kutu.

Mwisho atie dawa ya kupozea iliyoagizwa na watengenezaji wa gari, ikichanganywa na maji yasiyo na chumvi kwa kipimo kilichoandikwa. Kesho yake, kabla ya kuwasha injini, atazame kama maji yamepungua, aongeze.

Dawa nyingi za namna hii ni sumu, nazo ni tamu. Mtoto au mbwa akizinywa aweza kufa. Basi maji yaliyomwagwa yasiachwe wazi, wala yasitupwe karibu na kisima.