Picha ya jengo nayo yaweza kuwa wakfu

Kwetu sisi watu wa pwani neno "chuo" lina ukongwe wake. Mtoto akipelekwa chuoni, alipelekwa kwa maalim kuanza alifu kwa kijiti. Na wazee wa zamani zaidi, waliposema chuo, mara nyingi walikusudia kitabu chenyewe wala si nyumba, ndiyo maana mjuzi wa dini tukamwita mwanachuoni. Baadaye likatujia hili la Chuo Kikuu, na maana yake ikawa majumba marefu, mabweni, maabara na vijana wenye mikoba migongoni. Leo nataka kuzungumza na wasomaji juu ya kazi inayozikutanisha maana hizo mbili, kitabu na jengo: kuyapiga picha majengo ya vyuo vikuu vyetu na kuzitia picha hizo katika kile kitabu kikubwa cha maarifa kilichoko kwenye intaneti, kiitwacho Wikipedia.

Kwa wasiokijua, kitabu hicho kilianza tarehe 15 Januari 2001 kwa Kiingereza, na tawi la Kiswahili likafuata mwaka 2003. Wenyewe wamekiita kamusi elezo, jina ninalolipenda mimi kuliko hilo la "ensaiklopidia" linalomjaza mtu kinywa. Makala za Kiswahili peke yake zimepita 80,000. Hakina mwandishi mmoja wala mwenye duka. Kila mtu aruhusiwa kuandika na kusahihisha, almuradi aonyeshe neno lake kalitoa wapi. Picha nazo zina ghala yao, Wikimedia Commons, iliyofunguliwa mwaka 2004, na humo ndimo zinamochotwa kuingia katika makala za lugha zote.

Basi ukizifungua makala za vyuo vya kwetu, nyingi utazikuta fupi kama barua ya mdeni. Jina, mwaka, mji, basi. Picha hakuna, au ipo moja ya lango, imepigwa kutoka ndani ya gari. Ukaenda ukatazama makala za vyuo vya Uingereza au Marekani, kila ukumbi una picha yake, na ngazi, na mti wa uani.

Mtu ataniuliza: picha ya nini, na jengo lenyewe lipo? Namjibu kwamba Beit el-Ajaib ya Unguja, aliyoijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, nayo ilikuwapo. Tarehe 25 Desemba 2020 upande mmoja uliporomoka mchana kweupe. Jengo Kuu la Makerere, lililosimama tangu 1941 na kusomesha vigogo wa Afrika Mashariki nzima, liliwaka moto usiku wa kuamkia tarehe 20 Septemba 2020, na kulipokucha yalibaki maganda ya kuta. Wamelijenga upya, likafunguliwa tena mwaka 2024, na twawapongeza. Lakini jengo jipya, hata likifanana vipi, si lile. Anayetaka kuliona lile sasa hana budi kutafuta picha.

Kwetu Mombasa liko jengo ambalo kila nikipita Tudor hunifanya nipunguze mwendo. Leo jina lake ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Jina hilo lilikuja Januari 2013. Kabla yake, tangu 2007, kilikuwa chuo kishiriki chini ya Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia. Na kabla ya hapo kilikuwa Politekniki ya Mombasa, daraja iliyopewa mwaka 1972. Na nyuma yake tena, kuanzia Mei 1966, Taasisi ya Ufundi ya Mombasa. Lakini waulize watu wazima wa Mji wa Kale, na baadhi yao watakwambia "Miome" tu. Hizo ni herufi za mwanzo za jina lake la Kiingereza, yaani Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa.

Chuo hicho kilikusudiwa kuwapa vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki elimu ya ufundi. Mpango ulitungwa na Gavana Sir Philip Mitchell mwishoni mwa miaka ya 1940, hati ya kukiunda ikatolewa 1950, na wanafunzi wa kwanza wakaingia Mei 1951. Fedha zilitoka kwa Sultani wa Zanzibar, Sayyid Khalifa bin Harub, na kwa Aga Khan, na kwa jamaa wa Kibohora wa Afrika Mashariki, na kwa Waziri wa Makoloni wa Uingereza. Ardhi aliitoa Sheikh Khamis bin Mohammed bin Juma Al-Mutwafy. Katika miaka ya 1960 milango ikafunguliwa kwa watu wa dini zote, jambo la haki katika nchi iliyopata uhuru wake.

Majina manne, basi, kabla ya hili la leo. Kila jina jipya linapoandikwa langoni, la zamani hufutwa, wala hilo si kosa la mtu. Ndivyo serikali zinavyofanya kazi. Lakini kuta hazikubadilishwa jina. Kuba bado ni kuba, matao bado ni matao, na msikiti wa chuo bado wasimama. Mgeni akiiona picha nzuri ya kuba zile, hana budi kuuliza: chuo cha ufundi, mbona kina sura hii? Swali hilo peke yake litamfikisha 1951. Maneno matupu hayamfikishi, maana maneno huyapita macho yake mbio.

Kuna vijana wa hapa mjini, wa kike na wa kiume, walioishika kazi hii kwa hiari yao, na nimefuatana nao mara kadhaa. Nilidhani kupiga picha jengo ni jambo la kunyoosha simu na kubonyeza. Kumbe ina elimu yake. Ukuta mweupe wa pwani saa sita za mchana huungua. Picha hutoka kama shuka iliyoanikwa, huoni tao wala kivuli. Kwa hiyo hutoka mapema, saa moja unusu asubuhi, jua likiwa chini na vivuli virefu, au hungoja baada ya alasiri, kwa kutegemea uso wa jengo umeelekea wapi. Kamera haielekezwi juu, maana kuta zitaegemeana kana kwamba zataka kuanguka. Hurudi nyuma hadi jengo lote liingie na kamera iko sawa. Hapo ndipo miti ya mwarobaini, magari ya wakubwa na nguzo za umeme zinapoleta matata.

Na baada ya kupiga, kazi kubwa bado. Picha inayotoka kamerani ina jina la namba tu, nayo ikitiwa ghalani hivyo hivyo imezikwa. Lazima ipewe jina linaloeleweka, tarehe, mahali palipo, na maelezo: ukumbi gani huu, umeelekea wapi, ulijengwa lini ikiwa pana kitabu kinachosema. Binti mmoja miongoni mwao huandika maelezo kwa Kiswahili, Kiingereza na Kiarabu. Nilimwuliza Kiarabu cha nini. Akanijibu, "Ami, wajukuu wa waliotoka hapa wamejaa Maskati na Dubai. Wengine hawasomi Kiswahili tena." Sikuwa na la kuongeza.

Nyuso za watu hawapigi. Kwanza ni adabu, mabanati wa chuo hawakuja pale kuwekwa mbele ya ulimwengu. Pili kuna wenye shaka ya taswira ya chenye roho, na khitilafu hiyo ya wanavyuoni ni ya tangu na tangu. Jengo halina roho. Hata maalim wangu, ambaye picha ya kitambulisho aliipigwa amekunja uso, kwa jengo asingekuwa na neno.

Lililo gumu zaidi si jua wala kivuli, ni lango. Katika chuo kimoja, sitakitaja, bawabu alituzuia saa mbili nzima, akataka simu zetu, akataka barua, na barua ilipotolewa akataka barua ya barua. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 yaruhusu kunakili na kusambaza picha ya kazi ya sanaa, na jengo ni mojawapo, ikiwa iko mahali ambapo umma waweza kuiona. Ila sheria hiyo haimfungulii mtu geti la mwenyewe. Kuingia ndani ni ruhusa nyingine. Wala bawabu simlaumu sana. Tangu ile tarehe 2 Aprili 2015, siku waliyouawa watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi, mtu anayezungukazunguka chuoni akitazama milango na madirisha lazima aulizwe.

Na maadamu nimeitaja Garissa, niseme lililo moyoni. Andika jina la chuo kile katika simu yako uone kinachotangulia. Ni siku ile, ni damu ile. Haki ya waliokufa ni kukumbukwa, na isifutwe. Lakini chuo kilifunguliwa tena Januari 2016, mwaka 2017 kikapewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili, na vijana wanasoma humo. Madarasa yale, maktaba ile, viwanja vile vyahitaji picha ya mchana wa kawaida, mlango uko wazi na baiskeli imeegemezwa ukutani. Kaskazini Mashariki ina haki ya kuonekana hivyo pia.

Tatizo la pili hunikera zaidi, maana lahusu wazee. Kamusi elezo haikubali neno la mtu kwa sababu tu alikuwapo. Mzee mmoja, fundi mstaafu, alituonyesha mahali ambapo kwa kauli yake palikuwa na karakana ya kwanza, akataja na majina ya walimu. Kijana akamwuliza kwa upole, "Mzee wangu, limeandikwa wapi?" Mzee akacheka kicheko cha uchungu: "Limeandikwa hapa," akajigusa kifua. Haliingii. Sisi tuliosoma hadithi kwa isnadi tulizoea kuuliza fulani kapokea kwa nani, na kifua cha mtu mwaminifu kilihesabiwa. Hawa wanataka karatasi iliyochapishwa. Naelewa kwa nini, kwani bila sharti hilo kila mwongo angejiandikia. Hata hivyo pwani, ambayo mengi yake yalihifadhiwa vifuani, inapunjika.

Ila picha haifungwi na sharti hilo. Mtu yeyote, awe karani au mchuuzi wa kahawa, akipiga picha yake mwenyewe ya ukumbi, yapokewa, haiulizwi imechapishwa katika kitabu gani. Huo ndio mlango ulioachwa wazi kwa watu wa kawaida, na ndiyo sababu nikaona kazi hii si mchezo wa vijana.

Nilipoyaeleza haya barazani kwetu, baada ya maghribi, jamaa walikubali yote isipokuwa moja. Picha ikiingia ghala ile, mwenye kuipiga ameitoa. Leseni yake hairudishwi. Sharti ni kutajwa jina lake, na akipenda aongeze kwamba atakayeigeuza kuwa kitu kingine akitoe kwa masharti yale yale. Baada ya hapo mwalimu ataitumia, gazeti litaitumia, na mfanyabiashara ataichapa katika kalenda akaiuza, halali yake. Kusema "msiitumie kwa biashara" hakukubaliwi ghalani mle.

"Yaani mimi nichomwe na jua, Mhindi wa kalenda ale?" akauliza rafiki yangu mmoja, mtu wa ubishi toka utotoni. (Mhindi mwenyewe alikuwa ameketi pale pale, akacheka kuliko sisi sote.)

Nikamwambia, sheikh, kisima cha njiani kikishatolewa kwa ajili ya Mungu, mwenye kiu hunywa na mwenye mkokoteni naye huteka akaenda kuuza mitaani. Mwenye kisima hapungukiwi. Sisemi kwamba leseni hii na wakfu ni kitu kimoja. Wakfu una fikihi yake na wasimamizi wake. Nasema tabia yake twaijua. Kitu kimetoka mikononi mwako, hukirudii, na faida yake inakwenda kwa watu usiowajua, wengine hawajazaliwa. Ardhi ya Tudor ilitolewa na mtu mmoja, na waliosoma juu yake hawahesabiki. Anayetoa picha ya majengo yaliyosimama juu ya ardhi ile ametoa kidogo sana, lakini ni katika mlango ule ule.

Rafiki yangu hakukubali. Alisema atafikiri.

Jambo moja la haraka. Siku hizi watu hawafungui hata kamusi elezo yenyewe. Huiuliza simu, na zile programu za akili mnemba hujibu. Nazo zimesomeshwa pia kwa maandishi ya kitabu hicho hicho. Kosa likiandikwa humo leo, au pengo likiachwa, litarudiwa na mashine elfu kwa sauti ya kujiamini.

Vijana niliowataja wana orodha yao. Picha za mbele za jengo la Tudor wanazo. Zimebaki karakana za nyuma, ambazo zataka ruhusa mpya, na kuba kutoka upande wa mashariki, ambako asubuhi za kusi mawingu hayawapi nafasi. Baadaye wataelekea Kilifi, Chuo Kikuu cha Pwani. Wameomba mwenye picha za kale za Miome, za babake au mjomba wake, asizitupe wala asizikate fremu. Picha aliyoipiga mtu mwingine haiingizwi ghalani bila idhini ya mpigaji au warithi wake, kwa hiyo aliyenayo na aandike kwa penseli nyuma yake: nani aliipiga, mwaka gani, na nani wamesimama mlangoni.