Homa ya mtoto: kwa nini jibu la kipimo halisomwi peke yake

Mtoto amechemka usiku kucha. Asubuhi mama anamkimbiza zahanati, anatobolewa kidole, na baada ya dakika chache jibu linatoka: hana malaria. Mama anaondoka amenuna. Njiani anapita duka la dawa, ananunua mseto.

Asilaumiwe haraka. Kwa miaka mingi mwongozo wenyewe ulielekeza hivyo: kwenye malaria nyingi, mtoto wa chini ya miaka mitano mwenye homa apewe dawa bila kupimwa. Hadubini zilikuwa chache, na kusubiri kuliweza kuua.

Mwaka 2009 wataalamu walibishana waziwazi katika jarida la PLoS Medicine. Upande mmoja, wakiwemo Watanzania Hassan Mshinda na Deo Mtasiwa, ulisema wakati wa kupima kwanza umefika. Upande wa pili, wakiwemo Mike English na Robert Snow waliokuwa wakitafiti Kenya, ulionya kwamba ushahidi haujatosha kuacha utaratibu wa zamani kwa watoto wadogo. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likaelekeza kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe.

Nyuma ya ubishi huo kuna hesabu ya kasisi Mwingereza, Thomas Bayes, iliyochapishwa mwaka 1763 akiwa ameshafariki. Anza na unachokijua kabla ya kipimo, kisha jibu likupandishe au likushushe.

Chukua mfano wa kipimo kinachopatia mara 95 kati ya 100, na watoto 1,000 wenye homa. Pale ambapo nusu yao wana malaria, majibu ya "hana" yatakuwa 500, na 25 kati yake yatakuwa yamekosea. Pale ambapo wenye malaria ni 100 tu, majibu ya "hana" yatakuwa 860, na yaliyokosea ni matano. Kipimo ni kilekile. Kilichobadilika ni mtaa.

Basi namba ya kuanzia inatoka wapi? Kwenye tafiti, na zisipokuwepo, kwa wataalamu: kila mmoja hutaja makadirio yake, na ana uhakika kiasi gani, kabla ya kuona takwimu mpya. Shida ni kwamba mazoea huchelewa kufutika. Aliyejifunza kazi kwenye wodi iliyojaa malaria huendelea kuiona kila mahali, kama mama yule. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014, uliochunguza watoto 1,005 wenye homa Dar es Salaam na Ifakara, ulikuta malaria kwa takriban mmoja kati ya kumi. Zaidi ya sita kati ya kumi walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa. Mwenye nimonia akinyweshwa mseto, siku zinapotea bure.

Mzazi naye ana taarifa ambazo kipimo hakina. Kama mtoto alitibiwa malaria wiki mbili zilizopita, aseme, maana vipimo vingi vya haraka huweza kuonyesha "anayo" hata baada ya kupona. Aseme pia kama wametoka safari.

Na jibu likiwa "hana", swali la kumuuliza mtoa huduma ni hili: sasa homa inatoka wapi? Mtoto akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege au akilegea asiamke vizuri, arudishwe kituoni saa hiyohiyo, hata kama alipimwa asubuhi.