Kijumba cha Mapumziko Pembezoni mwa Ngitili

Anayefika Bariadi mwezi Septemba akitafuta msitu wa kupumzikia hukutana kwanza na mashamba ya pamba yaliyokwisha kung'olewa mabua, makundi ya ng'ombe na upepo wenye vumbi. Miti ipo, ila sehemu kubwa imehifadhiwa ndani ya ngitili: vipande vya malisho ambavyo Wasukuma huvifunga mvua zinapoanza, mifugo isiingie mpaka kiangazi kikolee. Nyasi hubaki kwa ajili ya ng'ombe, na visiki vya migunga vilivyodhaniwa vimekufa huchipua upya.

Utaratibu huo ulikaribia kupotea. Katika karne ya 20 vichaka vya Usukuma vilifyekwa ili kuwaangamiza mbung'o, kisha pamba na mifugo vikachukua nafasi iliyobaki. Mwaka 1986, serikali ilipoanzisha programu ya Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI, ngitili zilizojulikana zilikuwa takriban hekta 600 tu. Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwa bado ndani ya Mkoa wa Shinyanga. Mkoa wa Simiyu, zilipo sasa, ulianzishwa mwaka 2012. Hadi programu inafungwa mwaka 2004, zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerejeshwa katika vijiji zaidi ya 800. Kazi hiyo haikufanywa kwa miche ya kitaluni pekee. Kwa sehemu kubwa ilitegemea mizizi iliyokuwa hai ardhini, na sheria za dagashida, mkutano wa kimila wa Wasukuma, zilizosimamiwa na sungusungu, walinzi wa jadi wa vijiji.

Kwa hiyo swali la kujenga kijumba cha mapumziko Simiyu huanzia kwenye miti, saruji hufuata baadaye. Je, miti hiyo ina faida gani kwa akili iliyochoka? Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alichapisha katika jarida la Science utafiti kuhusu wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa kibofu cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania. Waliolala kwenye vyumba vyenye dirisha linalotazama miti waliruhusiwa mapema zaidi, na walihitaji dawa kali za maumivu kwa kiasi kidogo kuliko wenzao waliotazama ukuta wa matofali. Mwaka 2019, uchunguzi wa watu karibu 20,000 nchini Uingereza ulionyesha kuwa waliokaa kwenye mazingira ya asili angalau dakika 120 kwa wiki walielekea zaidi kusema wana afya njema na wanaridhika na maisha. Matokeo ya namna hiyo hayathibitishi kwamba miti ndiyo chanzo, lakini yanatosha kumfanya msanifu afikirie kitanda kitazame wapi.

Tanzania ina mfano mkongwe zaidi. Hospitali ya Lutindi, kwenye milima ya Usambara mkoani Tanga, imehudumia wagonjwa wa akili tangu mwaka 1904, na bustani na mashamba yanayoizunguka yamekuwa sehemu ya matibabu. Kijumba kinachopendekezwa Bariadi si hospitali na hakichukui nafasi ya daktari. Ni mahali ambapo muuguzi, mwalimu au mama aliyefiwa anaweza kukaa siku mbili bila kubeba chochote. Hilo la kutobeba lina uzito wake, kwa maana kwa wanawake wengi wa Simiyu porini ni mahali pa kazi: ndiko kunakotoka kuni. Mapumziko yenye maana kwao yanataka maji na nishati viwepo hapo hapo.

Ardhi ndiyo inayoamua mahali pa kujenga. Mabondeni kuna mbuga, udongo mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Ukuta uliosimama juu yake hupata nyufa baada ya misimu michache. Huko juu, karibu na miamba ya matale, kuna luseni, udongo wa kichanga unaopitisha maji. Kijumba kikae huko, nje kidogo ya mpaka wa ngitili, na kifikiwe kwa njia ya miguu. Barabara ya gari ingeua kile kile wageni walichokifuata.

Tofali za kuchoma zisitumike. Tanuri lake hula magogo mengi, na kujenga nyumba ya kutazama miti kwa kuteketeza miti ni kosa lisilo na utetezi. Zipo tofali za kufungamana, za udongo uliochanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa kwa mashine, ambazo Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba na Vifaa vya Ujenzi umezieneza kwa miaka mingi. Huachwa zikomae kivulini, na hazihitaji moto.

Lakini ukuta wa udongo usipande hadi juu. Funzo hili linatoka Magoda, kijiji cha mkoani Tanga, ambako watafiti na wasanifu walijenga nyumba sita za majaribio. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017, nyumba zenye kuta nyepesi zinazopitisha hewa zilikuwa na ubaridi zaidi usiku kwa nyuzi joto 2 hivi kuliko nyumba za kawaida, na zile za ghorofa zilipunguza mbu kwa zaidi ya asilimia 90. Mbu hufuata harufu na hewa tunayotoa puani; hewa ikitawanyika, hupoteza dira. Basi kwa Bariadi tofali ziishie usawa wa kiuno, na juu yake kuwe na wavu wa mbu pamoja na vibao vya kuzuia baridi ya Juni na Julai. Kuta ndefu zielekee kaskazini na kusini, kwa kuwa karibu na ikweta jua linaloumiza ni la asubuhi na la jioni. Nguzo za mbao zikalie mawe, mchwa waonekane mapema.

Nyumba ya mita 4 kwa 6, ikiongezewa upenu wa mita moja kila upande, ina paa la mita za mraba 48. Mvua ya milimita 700 kwa mwaka huliangushia lita 33,600. Hata robo ikipotea, hubaki lita 25,200. Simtanki la lita 5,000 huwatosha kwa siku 125 watu wawili wanaotumia lita 20 kila mmoja kwa siku. Choo kiwe kikavu, cha kutumia majivu. Umeme wa jua wa taa chache na jiko banifu vinatosha.

Halmashauri, shule na vituo vya afya vya Simiyu vyenye maeneo makubwa visisubiri mfadhili wa jengo. Vitenge hekta moja, vikubaliane na wafugaji wa jirani, viifunge kabla ya mvua za Novemba, na kuacha visiki vichipue. Kijumba kinaweza kujengwa hata miaka mitano baadaye.