Mechi Mbili kwa Tiketi Moja

Croke Park, uwanja mkuu wa michezo ya Kigaeli jijini Dublin, una nafasi ya watu 82,300. Siku ya fainali ya ubingwa wa Ireland, mwezi Julai, tiketi hugombaniwa mpaka ndugu wakanuniana. Msimamizi wa uwanja siku hiyo ana kazi nyingi ila hana mashaka: watu watajaa, nyasi zimestawi, jua linachelewa kuzama. Ujuzi wake hupimwa Februari, kwenye mechi ya ligi ya jioni, mvua ya baridi ikipiga na mashabiki waliokuja hawatoshi hata kujaza theluthi ya viti.

Michezo mikuu yenyewe ni miwili. Kandanda ya Kigaeli huchezwa kwa mikono na miguu. Halingi ni mchezo wa magongo, ambao kijipira kidogo kiitwacho sliotar kinaweza kupigwa mita 80 na zaidi bila taabu. Yote miwili ina wachezaji 15 kila upande na hutumia uwanja uleule, wenye urefu wa kati ya mita 130 na 145, mkubwa kuliko wa soka tuliouzoea. Malango pia ni yaleyale, miamba miwili mirefu iliyoshikwa na mtambaa panya. Ukiutia mpira wavuni unapata pointi 3. Ukiupitisha juu ya mtambaa panya, kati ya miamba, unapata pointi 1.

Kwa sababu hiyo mechi za michezo hii miwili zinaweza kufuatana jioni moja bila mtu kung'oa lango wala kuchora mistari upya. Raga na soka haziwezi hivyo. Kilichoongezeka tangu 2025 ni tao la mita 40 mbele ya kila lango, kwa ajili ya kandanda peke yake: pigo la nje ya tao likipita juu ya mtambaa panya huwa pointi 2. Wachezaji wa halingi hulikanyaga tu, haliwahusu.

Mwenye uwanja ni chama chenyewe cha michezo ya Kigaeli, GAA, kilichoanzishwa mjini Thurles mwaka 1884 na kuinunua Croke Park mwaka 1913. Wachezaji wake ni wa ridhaa mpaka leo. Mwalimu, fundi umeme na mfugaji wanaotoka kazini Ijumaa ndio watakaocheza Jumamosi mbele ya maelfu ya watu, wala hawalipwi mshahara. Timu za ligi ni za kaunti, na karibu kila kaunti ina uwanja wake. Wa Dublin ni Parnell Park, uwanja mdogo wa kaskazini mwa jiji usiochukua hata watu 15,000.

Kwa nini basi timu iliyo na uwanja wa kuitosha ikacheze kwenye jengo kubwa kiasi kile? Jibu lilianza kwenye taa. Tarehe 3 Februari 2007 taa za Croke Park ziliwashwa kwa mara ya kwanza kwa ajili ya mechi, Dublin na Tyrone kwenye ligi ya kandanda, na watu zaidi ya 81,000 wakaingia. Nyomi la namna hiyo halijazoeleka kwenye ligi. Nadhani wengi walikuja kuona taa kuliko kuona mechi, lakini viongozi wa chama walikuwa wameshaonja.

Majuma hayohayo Croke Park ilikuwa inapokea wapangaji. Uwanja wao wa Lansdowne Road ulikuwa unajengwa upya, na baada ya mjadala mkali chama kilikuwa kimelegeza mwaka 2005 kanuni iliyofungia nje michezo ya kigeni. Timu za taifa za raga na soka zikahamia pale hadi 2010. Zilipoondoka, uwanja ukabaki na jioni nyingi za baridi zisizo na kazi. Mwaka uliofuata, 2011, Dublin ikahamishia mechi zake za nyumbani za ligi pale, halingi na kandanda kwa tiketi moja, na muziki katikati. Siamini kwamba mambo hayo mawili yalifuatana kwa bahati tu.

Tatizo la kwanza la mpango huo ni utupu. Aliyewahi kuona timu ya katikati ya msimamo ikicheza Uwanja wa Benjamin Mkapa mbele ya watu elfu mbili anaujua mwangwi wake. Watu 20,000 kwenye uwanja wa 15,000 ni balaa, kwenye uwanja wa 30,000 ni sherehe, na kwenye uwanja wa 82,300 wanaweza kuonekana kama waliopotea njia. Dawa ni kufunga sehemu. Ghorofa za juu hazifunguliwi, watu hukusanywa majukwaa ya chini pande mbili za urefu, na kilima maarufu cha kusimama, Hill 16, hufunguliwa mauzo yakiruhusu. Faida yake inaonekana hata kwenye hesabu: kila ghorofa inayofunguliwa inadai walinzi wa milango, watu wa huduma ya kwanza, wafagizi na umeme. Tena kuna kamera. Ukiwakalisha watu upande ambao kamera kuu haiuoni, aliye nyumbani ataona viti vitupu dakika 70 nzima, na Jumamosi ijayo naye atabaki nyumbani.

Kuna kitu kimoja ambacho utupu huo unakupa bure. Kwenye fainali husikii chochote isipokuwa watu. Kwenye mechi ya ligi ya halingi, ukiwa safu za chini, unasikia gongo likikutana na gongo, mlio mkavu unaopanda hadi paa la jukwaa lililofungwa na kurudi nusu sekunde baadaye, na unamsikia kipa akimtukana beki wake kwa jina.

Tatizo la pili ni ratiba. Mechi ya kwanza ikianza saa 11 jioni na ya pili saa 1 usiku, hesabu inabana: dakika 35 mara mbili, mapumziko, dakika za nyongeza, halafu timu mbili zinatoka na nyingine mbili zinatakiwa ziwe zimepasha misuli. Ukumbi wa ndani husaidia, lakini kipa anataka kuliona lango na mpigaji wa adhabu anataka kuujua upepo. Dakika chache za kati ya mechi hizo ndizo mtunza nyasi huwa na roho juu, kwa kuwa vikosi viwili vizima vinashuka kukimbia mahali palepale palipokwisha kuchimbwa.

Nani aanze? Dublin watu hufuata kandanda zaidi, kwa hiyo halingi hutangulia. Matokeo yake wachezaji wa magongo huanza mchezo wao huku nusu ya mashabiki wakiwa bado baa. Mimi ningebadilishana zamu. Ila muuza tiketi atakuambia kwamba mechi inayovuta watu ndiyo huwekwa mwisho, na kwa hesabu zake hakosei.

Na kaunti nyingi zina mchezo mmoja wa kujivunia. Kilkenny, wafalme wa halingi, hawapeleki timu kabisa kwenye ligi ya kandanda. Kwa hiyo wageni wa mechi ya kwanza na wa mechi ya pili kwa kawaida hutoka kaunti mbili tofauti, na jioni moja ina mashabiki wa pande tatu. Ukipanga vizuri, hao wa tatu ndio faida yako. Ukipanga vibaya, kundi moja linaondoka wakati jingine linaingia kwa lango lilelile, na mtaa wa Jones' Road unaziba.

Kuhusu nyasi nitasema zaidi, maana hapo ndipo mechi ya ligi inapoweza kuaibisha uwanja mkubwa. Dublin iko nyuzi 53 kaskazini ya ikweta. Mwishoni mwa Januari jua la adhuhuri halifiki nyuzi 20 juu ya upeo wa macho, na majukwaa marefu hulikata kabla halijagusa ardhi. Nyasi hazifi, zinalala tu. Kinachong'olewa Februari hakioti tena mpaka majira ya kuchipua. Viwanja vikubwa hujibu kwa taa za kuoteshea, mitambo ya magurudumu inayosukumwa juu ya nyasi usiku na mchana, na kwa nyuzi za plastiki zilizoshonwa kwenye udongo ili mizizi ipate pa kujishikiza. Halingi inadai nyasi fupi, sliotar iteleze. Nyasi fupi nazo hazivumilii njumu. Mjini Cork, uwanja mpya wa Páirc Uí Chaoimh, uliofunguliwa 2017, ulifumuka vibaya kwenye mechi za ligi za mapema 2019. Mechi zilizofuata zikahamishiwa Páirc Uí Rinn, uwanja mdogo wa jirani, na sehemu ya kuchezea ikabidi itandikwe upya.

Lipo pia suala la haki, nalo halitatuliwi na mtunza nyasi. Timu inayocheza Croke Park kila majira huzoea upana wake, upepo wake na namna mpira unavyodunda. Dublin ilitwaa ubingwa wa kandanda mara sita mfululizo, 2015 hadi 2020, na wapinzani hawakuacha kuutaja uwanja. Mwaka 2018, kwenye michuano ya ubingwa, chama kilitaka kuihamisha mechi ya Kildare na Mayo kutoka uwanja mdogo wa Newbridge, usiochukua hata watu 10,000, iende Croke Park iunganishwe na mechi nyingine. Kildare, waliokuwa wenyeji kwa mujibu wa droo, wakagoma: mechi itachezwa Newbridge au haitachezwa. Chama kikasalimu amri, na Kildare wakashinda. Nilikuwa upande wao. Uwanja mkubwa ukitumika kwa sababu tu ni rahisi kwa mpangaji, unamnyang'anya mwenyeji haki yake.

Lakini kuna mechi za ligi ambazo nisingezipeleka kwingine. Ligi ya kandanda ina madaraja manne, na fainali zake kwa kawaida huchezwa Croke Park mwishoni mwa Machi, mbili kwa siku. Tarehe 30 Machi 2019 Leitrim ilicheza na Derry fainali ya daraja la nne. Leitrim ni kaunti ndogo, ambayo wakati huo ilikuwa na watu kama 32,000, vichanga na wazee wakiwemo. Ungeweza kuwaketisha wote pale na nafasi zaidi ya 50,000 zikabaki. Walisafiri kwa maelfu, na ule utupu niliousema juu haukuwa na nafasi. Derry walishinda, ila timu zote mbili zilikuwa zimeshapanda daraja kabla ya kukutana, kwa hiyo hakuna aliyerudi mikono mitupu. Wachezaji wa Leitrim walipotoka, timu za mechi ya pili zilikuwa zinasubiri kuingia, na watunza nyasi walikuwa wameshashika uma zao, wakizibaziba mashimo.