Gango la Titani: Ugumu, Nguvu na Ukakamavu

Mtu aangukapo kutoka mkarafuuni hapa Unguja akavunjika paja, jamaa zake huambiwa kwamba atatiwa “chuma”, nao hutumaini kuwa kitakuwa kigumu. Tumaini hilo laeleweka, lakini neno “kigumu” laficha jambo ambalo wataalamu wa metali wamelihangaikia kwa miaka mingi: metali isiyokubali kupinda hata kidogo huudhuru mfupa inaoushikiza.

Mfupa ni kitu hai, nao hujijenga kwa kadiri ya mzigo unaouchukua. Mzigo ukipita katika metali, mfupa ulio ubavuni mwake hukaa bure, ukapungua na kudhoofika. Ukakamavu hupimwa kwa gigapaskali. Mfupa mgumu wa nje una 10 hadi 30. Chuma cha pua kisichoshika kutu karibu 200. Na aloi ya titani itumikayo zaidi, yenye alumini asilimia 6 na vanadi asilimia 4, karibu 110. Titani hailiki na maji ya mwili, ni nyepesi kuliko chuma, na mfupa huota ukashikamana nayo, kama alivyoona Per-Ingvar Brånemark nchini Uswidi mwaka 1952. Hata hivyo, 110 bado ni mbali na mfupa.

Njia ya kupunguza ukakamavu imo katika mpango wa atomi. Titani tupu ina mipango miwili, alfa na beta, na beta huonekana pale tu joto lipitapo sentigredi 882. Lakini ikichanganywa na niobi au tantali ya kutosha, beta hubaki hata metali ipoapo, na beta hunyumbuka zaidi. Mitsuo Niinomi wa Japani na wenzake walitengeneza aloi yenye niobi asilimia 29, tantali 13 na zirkoni 4.6, ukakamavu wake ni karibu 60.

Hapa ndipo lugha yetu ihitajipo uangalifu. Neno “ugumu” hubebeshwa maana tatu: kutokwaruzika, kutovunjika, na kutopinda. Naona heri “ugumu” ubaki na ya kwanza, “nguvu” ichukue ya pili, na “ukakamavu” ya tatu. “Unyumbufu” uwe ni kupinda kisha kurudi. Mchuma karafuu hahitaji kufundishwa tofauti hizi. Tawi la mkarafuu halipindi sana, mara hukatika ghafla. Mnazi huyumba kwa upepo wa kusi, ukarudi. Aloi itafutwayo ni ya tabia ya mnazi.

Na kipande chenyewe tukiiteje? “Kipandikizi” ni neno la wakulima, lafaa figo; bamba la kuungia mfupa silo pandikizi. Tunalo “gango”, lililomo katika kamusi ya Johnson ya mwaka 1939, nalo ni ndugu wa “kuganga”, yaani kufunga na kuunga kilichovunjika. Mganga naye atoka humo humo.

Unyumbufu nao una kiasi. Daktari apindapo fimbo ya titani ili ifuate uti wa mgongo, metali inyumbukayo mno humrudia mkononi. Kwa hiyo Wajapani hao wakatafuta aloi za titani na kromi ambazo hukakamaa pale tu zilipopindwa, na kwingineko zikabaki nyumbufu.