Mboji, Samadi na Mbolea: Tutofautishe

Wafasiri wengi wa vijitabu vya kilimo hutumia neno "mbolea" kwa kila kitu kitiwacho udongoni ili kuongeza rutuba. Neno hilo si kosa, ila ni pana mno. Hivi karibuni nilisahihisha kijitabu cha bustani za shule ambamo msomaji aliagizwa "atie mbolea, kisha apande miche." Mwalimu afuataye agizo hilo aweza kutia kinyesi cha kuku kilichotoka bandani siku hiyohiyo, na miche yake ikaungua. Kosa halitakuwa la mwalimu. Litakuwa la neno.

Yafaa basi tutofautishe mambo manne. Samadi ni kinyesi cha wanyama, kibichi au kilichooza. Mbolea vunde hupatikana kwa kurundika majani, nyasi, mabaki ya jikoni na samadi katika biwi, kuyatia maji na kuyageuza hadi yaoze. Mbolea ya chumvichumvi hutengenezwa kiwandani. Huipa mimea virutubisho bila yenyewe kuongeza mboji. Mboji ni ile sehemu nyeusi ya udongo ibakiayo baada ya mimea na viumbe kuoza kabisa.

Watu wengi huiita mbolea vunde "mboji". Hatuwalaumu, kwani vitu hivi ni jamaa. Lakini katika kitabu cha mafunzo kila kimoja kistahili jina lake: mbolea vunde ni kile akitiacho mkulima, na mboji ni matokeo yake ndani ya udongo.

Tofauti hii ina manufaa. Udongo wa kichanga hupitisha maji upesi. Wa mfinyanzi huyashika mno, na ukikauka hupasuka. Dawa yao ni moja, nayo ni mboji. Katika kichanga hushika maji mfano wa sifongo. Katika mfinyanzi huzigandamanisha chembe ndogo kuwa vidonge, hewa ikapata njia. Atiaye mchanga kidogo katika mfinyanzi aweza kupata udongo mgumu kuliko wa awali.

Agizo lile sasa lasomeka hivi: "Tia mbolea vunde au samadi iliyooza vizuri, ichanganye na udongo wa juu, kisha panda miche." Ni maneno machache yaliyoongezwa, lakini ndiyo yatakayoiokoa miche.