Mtoto Anapopiga na Kuuma: Pa Kuanzia Kutafuta Msaada

Mtoto wa miaka miwili anayemuuma mwenzake kwa sababu ya kugombea mpira si mgonjwa, wala hajaharibika tabia. Utafiti wa miaka mingi uliofanywa Canada, ukiongozwa na Richard Tremblay wa Montreal, ulionyesha kwamba kupiga, kusukuma na kuuma hufikia kilele kati ya miaka 2 na 4, kisha hupungua kadiri mtoto anavyopata maneno ya kusema anachotaka na kuzoea kungoja zamu yake. Wasiwasi huanza pale mtoto wa miaka saba au kumi anapokuwa bado anapiga karibu kila siku, anawaumiza wadogo zake, anavunja vitu makusudi au anatesa wanyama. Na iko dalili moja isiyofaa kusubiriwa hata wiki: mtoto aliyekuwa mpole akageuka ghafla.

Nyumbani hukumu ya kwanza huwa ni ukorofi, na dawa ya kwanza fimbo. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanyika Tanzania mwaka 2009 ulikuta kwamba karibu robo tatu ya vijana, wa kike kwa wa kiume, walifanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18. Kama kipigo kingekuwa kinaponya, tatizo hili lingekwisha zamani. Fimbo humnyamazisha mtoto kwa muda, lakini humfundisha pia kwamba mwenye nguvu akikasirika hupiga, na siku ya pili somo hilo humwangukia mdogo wake.

Nyuma ya ukali wa mtoto huweza kuwapo ugonjwa usioonekana kwa macho. Madaktari wa Hospitali ya Mulago, Kampala, wameeleza habari za watoto waliopona malaria ya ubongo wakabaki na kutotulia, hasira za ghafla na ugomvi ambao hawakuwa nao kabla. Kifafa nacho huleta hali kama hiyo: baada ya degedege mtoto huweza kuchanganyikiwa, akampiga anayemshika, kisha asikumbuke chochote. Baadhi ya watoto wanaotumia fenobabitoni kwa ajili ya kifafa huwa wakali kwa sababu ya dawa yenyewe. Hata hivyo mzazi asiikatishe, kwa kuwa kuiacha ghafla huweza kuleta degedege lisilokoma. Arudi kwa daktari, ambaye anaweza kubadili dawa au kipimo. Mtoto anayetoka usaha masikioni huenda hasikii anachoambiwa, akaonekana jeuri. Mwenye usonji huweza kupiga kwa sababu kelele zimemzidi na hana njia ya kueleza. Wapo pia wanaobakwa au kulawitiwa na mtu wa karibu, na hasira ndiyo sauti pekee waliyobaki nayo.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kutazama. Daftari la shule linatosha: kila tukio liandikwe kwa mistari mitatu, yaani kilichotangulia, alichofanya mtoto, na kilichofuata. Kwa mfano: “Jumatatu, saa 1 usiku. Aliambiwa azime televisheni akaoge. Akapiga kelele, akamrushia mdogo wake kikombe. Bibi akasema mwacheni, ataoga kesho.” Mstari wa mwisho ndio wenye siri. Mtoto amejifunza kwamba kikombe kikiruka, amri huondolewa. Watu wazima nao wamejifunza kwamba wakilegeza, kelele hukoma. Mwanasaikolojia wa Marekani Gerald Patterson, aliyezichunguza familia huko Oregon, alionyesha jinsi pande hizi mbili zinavyofundishana hivyo hadi nyumba nzima inatawaliwa na vitisho.

Njia ya kutoka haina miujiza. Amri iwe fupi, itolewe mara moja kwa sauti ya kawaida, na isimamiwe hadi itimie. Mtoto akitii, asifiwe papo hapo kwa jambo alilofanya. Akipiga, aondolewe mbele ya watazamaji bila mahubiri, na anayeshughulikiwa kwanza awe yule aliyeumizwa. Baba, bibi na dada wa kazi wote washike msimamo mmoja. Mmoja akilegea, kazi ya wengine inapotea. Siku za mwanzo ukali huongezeka, kwa sababu mtoto anajaribu kwa nguvu zaidi njia iliyokuwa ikimfaa. Wazazi wengi hukata tamaa hapo, nao walikuwa karibu kufanikiwa. Visu, panga na mafuta ya taa viwekwe mbali naye wakati wote huo.

Daftari hilo lipelekwe zahanati au kituo cha afya pamoja na kadi ya kliniki. Mhudumu atataka kujua mtoto alizaliwaje, alianza kutembea na kusema lini, amewahi kupata degedege au kuumia kichwa, analala vipi, na kama nyumbani kuna ugomvi au ulevi. Maswali hayo si ya kumtafuta mwenye kosa. Hapo ndipo hupatikana rufaa ya hospitali ya wilaya au mkoa, kwa vipimo vya masikio, macho au ubongo, au kwa daktari wa afya ya akili. Dawa za kutuliza hutolewa kwa watoto wachache tu, chini ya uangalizi wa daktari, wala hazichukui nafasi ya malezi.

Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri husaidia pale chanzo kilipo ndani ya familia, na Dawati la Jinsia na Watoto katika vituo vya polisi vya Tanzania hupokea taarifa za mtoto aliyefanyiwa ukatili. Shuleni, kumfukuza mtoto humhamishia tatizo mzazi. Ni afadhali mwalimu naye awe na daftari lake. Dua na maombi hayazuii matibabu, mradi mtoto asifungwe kamba, asipigwe “kumtoa pepo”, wala asiachishwe dawa.

Mtoto anayesema atajiua au ataua, anayechoma vitu moto au anayeshika silaha apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, asiachwe peke yake. Mzazi asiyejua pa kuanzia apige 116, simu ya huduma kwa mtoto; Tanzania na Kenya hupigwa bila malipo, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga.